Kabla kijana hajasema "nimejifunza kushukuru"

Vijana wanaporudi kutoka safari ya huduma kwa Wanavajo, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, nawaachia siku tatu za kulala na kufua nguo, kisha tunakaa kikao cha tafakari. Karibu kila mara anayefungua mazungumzo husema: "Nimejifunza kushukuru kwa nilivyo navyo." Husema kwa moyo safi, na wengine machozi huwalenga. Namwomba aliweke neno hilo pembeni kwanza. Leo nieleze sababu, maana kazi yangu ni kulea wanafunzi Wakatoliki katika chuo kimoja hapa Marekani, na najua wasomaji wangu wengi nao wanaongoza safari za namna hii.

Kijana mmoja alipeleka maji kwa bibi anayeishi peke yake, mwendo mrefu wa barabara ya vumbi. Walijaza mapipa kwenye kituo cha maji, wakayapakia kwenye pikapu. Kwenye daftari lake aliandika: "Bibi hana kitu, lakini ana furaha." Nikamuuliza, umejuaje kwamba hana kitu? Akanyamaza. Wenzake wakamsaidia kukumbuka: kondoo zizini, mtambo wa kufumia na zulia lililofika nusu, nyumba ya asili, hogan, mlango ukitazama mawio ya jua, wajukuu wanaokuja Jumapili. Bibi ana vitu vingi. Kilichokosekana ni bomba. Kuanzia hapo swali hubadilika: kwa nini hakuna bomba?

Hapo ndipo nachukua ramani. Nchi ya Wanavajo, wao wenyewe hujiita Diné, yaani watu, imeenea Arizona, New Mexico na Utah, zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Huo ni ukubwa wa mkoa wetu wa Morogoro hivi. Mwaka 1864 jeshi la Marekani, baada ya kuchoma mashamba na kukata miti ya matunda, liliwaswaga kwa miguu hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico, mamia ya kilomita, na wengi walikufa njiani na huko kambini. Mwaka 1868 walitia saini mkataba na serikali ya Marekani, wakarudi kwao. Kisha yakaja madini ya urani: tangu 1944 hadi 1986 yalichimbwa humo kwa ajili ya silaha za nyuklia, na migodi iliyotelekezwa inapita 500. Vipo visima ambavyo maji yake hayafai kunywa kwa sababu hiyo. Karibu kaya 3 katika kila 10 hazina maji ya bomba. Na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mkataba ule wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia Wanavajo maji. Kijana akishayasikia haya, shukrani yake haifi, ila inaona aibu kukaa peke yake bila haki.

Sehemu ngumu zaidi ni ya Kanisa. Mkataba huo huo uliwabana wazazi wapeleke shule watoto wa miaka 6 hadi 16, na katika shule za bweni, za serikali na za makanisa, watoto wa wenyeji wa Marekani walikatwa nywele na kuadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Wafransisko, shirika la watawa Wakatoliki, walifungua misheni ya St. Michaels, Arizona, mwaka 1898. Shule iliyoanzishwa na mtawa Mtakatifu Katharine Drexel ikafuata pale mwaka 1902. Mmoja wa mapadri wale, Berard Haile, aliishi miaka mingi akijifunza Kinavajo na kukiandika. Nawaambia vijana wayabebe yote mawili, upendo wa padri aliyekaa chini akawa mwanafunzi, na jeraha la mtoto aliyenyamazishwa. Juni 2024 maaskofu wa Marekani waliomba radhi kwa sehemu ya Kanisa katika historia hiyo. Vijana wengi huwa hawajasikia, na wengine hukasirika kwamba hakuna aliyewaambia kabla ya safari. Wana haki ya kukasirika. Siku hizi naanza somo hili wiki sita kabla ya kuondoka.

Nina jambo langu pia. Mnavajo akijitambulisha hutaja koo nne: wa mama yake kwanza, ambao ndio wake, kisha wa baba, wa babu mzaa mama na wa babu mzaa baba. Mimi ni Mluguru. Kwetu nako ukoo na ardhi vilifuata mama. Siku ya kwanza nilipomsikia mzee akijitambulisha hivyo nilihisi niko Uluguru, na nilipojibu kwa ukoo wa mama yangu alicheka kwa furaha, akanisogezea kiti. Vijana waliona. Jioni ile binti mmoja alimpigia mama yake simu kumuuliza bibi zake walitoka wapi, hakuwahi kuuliza.

Na nakumbuka ya kwetu kijijini. Nikiwa shule ya msingi, wageni walikuja wakapaka rangi darasa letu, tukawaimbia. Mwaka uliofuata wengine wakapaka darasa lile lile, huku paa la darasa la pili likivuja. Mwalimu mkuu hakuulizwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ila jembe hutoa mwenyeji, na ndiye anayeonyesha shamba.

Ndiyo maana swali langu la mwisho kwenye kikao ni hili: kazi mliyofanya, nani aliichagua? Mwaka mmoja hakuna aliyeweza kujibu. Nikapiga simu kwa mama anayetupokea, nikamuuliza moja kwa moja. Akasema kuni tunazopasua Machi huwa zimechelewa, baridi imeshapita. Wazee wanazihitaji Oktoba.

Sasa tunakwenda Oktoba. Likizo ya Oktoba ni siku nne tu, kwa hiyo tunasafiri usiku, na vijana wanaojiandikisha wamepungua. Rundo la kuni liko tayari kabla ya theluji.