Kwa Nini Kiti Kisicho na Miguu ya Nyuma Hakimwangushi Mtu?

Bila shaka umewahi kukalia kile kiti cha wageni cha maofisini: bomba la chuma linalong'aa, miguu miwili mbele, nyuma hakuna kitu. Ukikaa kinanepa kidogo, kisha kinatulia. Mtoto anayekiona kwa mara ya kwanza huinama kutafuta miguu mingine, na ana haki ya kuitafuta. Miguu ya nyuma ipo, ila imelazwa sakafuni.

Siku moja nikisubiri zamu yangu mahali fulani, nilikipindua kimoja nikaufuata mkunjo wake kwa kidole. Bomba linaanzia juu ya egemeo upande wa kulia, linashuka hadi usawa wa kalio, linakwenda mbele, linapiga goti kuelekea chini, linapiga goti tena na kurudi nyuma juu ya sakafu. Hapo linavuka kwenda kushoto na kupanda kwa njia ileile. Mstari mmoja, mwanzo hadi mwisho. Karibu na goti la chini rangi ya fedha ilikuwa imeisha, pale visigino vya wageni vinapogusa kila siku.

Sasa ukikaa, uzito wako unaangukia juu ya ile sehemu iliyolala sakafuni, kati ya mbele na nyuma yake. Madhali uzito haujatoka nje ya eneo hilo, kiti hakina sababu ya kupinduka. Kazi ngumu inabaki kwa magoti. Fikiria koleo la mkaa lililotengenezwa kwa ukanda mmoja wa bati: ukilibana linajifunga, ukiliachia linafunguka. Kiti hiki ni koleo lililolazwa, na anayelibana ni wewe. Chuma kina tabia ya kurudi kilipokuwa kikikunjwa bila kupitiliza kiasi, ndiyo maana unabembea badala ya kuanguka.

Kwa hiyo siri imo ndani ya bomba lenyewe, na bomba la namna hiyo halikuwepo siku zote. Zamani mabomba yalitengenezwa kwa kukunja ukanda wa chuma na kuunganisha kingo zake, na ukilipinda bomba la hivyo kwa nguvu, mshono unaweza kupasuka. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Ujerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walipata hataza ya kutengeneza bomba lisilo na mshono. Baiskeli zilifaidika mapema, na baiskeli ndiyo iliyomfungua macho Marcel Breuer, kijana wa Hungaria aliyekuwa akifundisha useremala katika Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu mjini Dessau, Ujerumani. Mwaka 1925 aliutazama usukani wa baiskeli yake akajiuliza kwa nini chuma kinachopindwa hivyo kisiwe kiti. Akatengeneza kiti cha kupumzikia cha mabomba na vitambaa. Lakini hicho bado kilikuwa na sehemu za kukanyagia pande zote, mbele na nyuma.

Aliyeondoa miguu ya nyuma ni Mart Stam, msanifu majengo wa Uholanzi. Inasimuliwa kwamba alimtengenezea mkewe mjamzito kiti cha mabomba ya gesi, yaliyoungwa kwa viwiko vya kawaida vya mafundi bomba. Novemba 1926, kwenye kikao cha wasanifu mjini Stuttgart, alikichora kiti hicho mbele ya wenzake. Mmoja wao alikuwa Ludwig Mies van der Rohe. Mies alirudi Berlin na wazo hilo kichwani, na mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya nyumba za kisasa ya Weissenhof huko Stuttgart, Stam na Mies kila mmoja alikuja na kiti chake.

Hapa ndipo penye jambo linalonivutia kuliko yote. Kiti cha Stam, cha mistari iliyonyooka na kilichopakwa rangi nyeusi, hakikunepa. Mabomba yake yalitiwa vyuma vya kuimarisha kwa ndani, kikawa kigumu. Cha Mies, ambacho mbele kilikuwa na nusu duara kubwa, kilibembea kweli. Stam alikuwa amegundua umbo. Raha ya kulikalia aliionyesha Mies. Kwa maoni yangu, bila hiyo raha tusingekuwa tunakizungumzia kiti hiki leo.

Breuer naye hakukaa nyuma. Mwaka 1928 alitoa kile ambacho watu wengi wanakijua kwa sura hata kama hawajui jina: chuma kinachong'aa, na fremu za mbao zilizosukwa henzirani kwenye kalio na egemeo. Mbao zile si pambo tu. Pale kwenye kalio hakuna chuma kinachounganisha kulia na kushoto, kwa hiyo fremu za mbao ndizo zinazozishika pande mbili zisiachane. Kuuweka usukaji wa zamani ndani ya bomba la kiwandani kulikipa kiti joto ambalo chuma peke yake hakina. Miaka ya 1960 mtengenezaji wa Italia, Dino Gavina, alikipa jina Cesca, kutokana na Francesca, binti wa Breuer.

Lakini ni mali ya nani? Mfanyabiashara Anton Lorenz alikuwa amenunua haki za Stam, akaishtaki kampuni ya Thonet iliyokuwa ikitengeneza viti vya Breuer. Kesi ilifika mahakama ya juu ya Ujerumani mjini Leipzig, na mwaka 1932 hukumu ikatoka: umbo la kiti cha mistari iliyonyooka kisicho na miguu ya nyuma ni ubunifu wa Stam. Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Thonet ya Ujerumani inakiuza kiti hicho cha henzirani kwa jina S 32 na kumtaja Stam kuwa mwenye haki ya ubunifu. Kampuni ya Knoll ya Marekani inakiuza kama Cesca ya Breuer.

Wengine walilichukua wazo wakaachana na chuma. Alvar Aalto wa Ufini aliona chuma ni baridi mno mwilini, akagandisha tabaka nyembamba za mbao na kuzipinda hadi zikanepa zenyewe. Gerrit Rietveld wa Uholanzi alitumia mbao nne bapa tu, zilizopangwa kama herufi Z na kushikana kwa meno yanayoumana. Hicho hakinepi hata kidogo, na ukikitazama utashangaa kinasimamaje.

Aliyehangaika zaidi ni Verner Panton wa Denmaki, aliyetaka kiti kizima kiwe kipande kimoja cha plastiki kilichopinda kama herufi S. Kampuni ya Vitra ilikitoa mwaka 1967. Plastiki ya kwanza ilihitaji kusuguliwa na kupakwa rangi kwa mkono, kazi ya gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakahamia plastiki ya bei nafuu zaidi, lakini ikichakaa kwa umri ilianza kuvunjika, na mwaka 1979 utengenezaji ukasimamishwa. Chuma husamehe goti lake kukunjwa na kukunjuka kila siku. Plastiki ile haikuweza. Kiti kilirudi baadaye kwa plastiki ngumu ya awali, kisha mwaka 1999 kikatoka cha plastiki iitwayo polipropilini, chepesi na cha bei ambayo Panton alikuwa akiitaka tangu mwanzo. Alishiriki kukiandaa, ila hakukiona kikiingia madukani. Alifariki Septemba 1998.