Punda si ng'ombe: kununua punda wa kazi kwa pesa ya kuungaunga

Punda wengi wa kazi huku Arusha na Manyara hununuliwa mnadani, na mnada ni wa ng'ombe. Meserani au minada midogo ya vijijini, ni yale yale: punda wamefungwa pembeni, wachache, na mnunuzi anawaendea na jicho la ng'ombe. Anatazama unene, anatazama tumbo, anauliza bei. Akifika nyumbani anamtumikisha vilevile: nira ya ng'ombe, josho la ng'ombe, sindano ya ng'ombe. Pesa nyingi zinazopotea kwa punda zinapotelea hapo, wala si kwenye bei ya kununulia.

Maelezo haya ni ya mtu anayetaka mnyama wa kubeba maji na kuni au kuvuta mkokoteni, na ambaye akikosea hana pesa ya kurudia.

Gawa pesa kabla ya kutoka nyumbani. Kwa kila laki 1 uliyonayo, elfu 60 au 70 ndizo ziende kwa muuzaji. Zinazobaki zitamezwa na ushuru wa mnada, kibali, dawa ya minyoo, kukatwa kwato, hatamu, tandiko na chanjo ya pepopunda (ugonjwa uliopewa jina lake, halafu yeye mwenyewe ndiye hachanjwi). Ukimpa muuzaji zote, mzigo wa kwanza utafungwa kwa kamba ya nailoni juu ya gunia tupu, na mwezi haujaisha utakuwa na punda mwenye kidonda na kazi imesimama.

Mdomo

Dalali atakwambia "huyu ana miaka minne." Punda wote mnadani wana miaka minne. Wewe mfunue midomo utazame meno ya mbele. Huna haja ya kumpanua kinywa. Simama ubavuni karibu na bega la kushoto, shika hatamu, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba na ushushe wa chini. Utakuta meno 6 juu na 6 chini. Aliyezoea ng'ombe hushangaa kidogo, maana ng'ombe hana meno ya mbele juu.

Meno ya utoto ni madogo, meupe, yamebanwa kwenye ufizi kama yana shingo. Ya ukubwani ni marefu, mapana, yana unjano. Jozi ya katikati hubadilika punda akiwa na miaka 2 na nusu hadi 3, inayofuata miaka 3 na nusu hadi 4, na ya pembeni kabisa kati ya miaka 4 na nusu na 5 na kidogo. Dume huota na chonge karibu na umri huo. Kwa jike mara nyingi hazipo, au ni ndogo sana. Ukiona bado kuna meno meupe madogo pembeni, huyo hajafika 5, aseme nani.

Baada ya hapo unasoma mambo mawili. Juu ya jino la chini kuna kishimo cheusi kinachofutika kadiri jino linavyosagika, na sura ya jino huenda kutoka umbo la yai hadi mviringo, kisha pembetatu. La pili ni mkao wa meno ukiyatazama kwa ubavuni: kijana, ya juu na ya chini yanakutana karibu wima, mzee, yamelala kwenda mbele. Kwa punda vishimo hudumu kuliko kwa farasi, kwa hiyo mtu anayekutajia mwaka kamili wa punda aliyepita miaka 8 anabahatisha. Haidhuru. Unachotaka kujua ni kama yuko kati ya miaka 5 na 12, maana huyo ndiye wa pesa ndogo. Punda aliyetunzwa hupita miaka 25, kwa hiyo wa miaka 10 si mzee. Wa miaka 2 ni rahisi, lakini utamlisha mwaka mzima kabla ya kumwekea mzigo mwepesi, na mzigo kamili au mkokoteni usubiri afike 4. Anayebebeshwa mapema hupinda mgongo na miguu, na mgongo uliopinda haunyooki tena.

Ukiwa hapo hapo mdomoni, bonyeza ufizi kwa kidole kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi uliopauka ni dalili ya minyoo au nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Nusa pia. Harufu ya kuoza, au vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu vikidondoka chini, ni magego mabovu. Huyo hatanenepa hata umpe nini.

Mgongo, ndipo bei inaposhuka

Gusa kwa kidole, usitazame tu. Manyoya ya punda hudanganya, tumbo lake kubwa hudanganya zaidi: tumbo lililoshuka na mbavu zilizotoka ni njaa au minyoo, si shibe. Papasa mbavu, uzihisi kwa kubonyeza kidogo, zisionekane kwa mbali. Kisha weka vidole viwili pembeni mwa uti wa mgongo, uvishushe polepole kutoka mabegani, pale penye ule msalaba mweusi, hadi kiunoni. Rudia upande wa pili. Akididimia au akikunja masikio, pana maumivu.

Manyoya meupe mgongoni ni kovu la kidonda cha zamani. Hayo peke yake hayanikatishi tamaa. Ninachokataa ni ngozi nene, ngumu, iliyoshikana na mfupa chini ya yale meupe, kwa sababu tandiko likikaa hapo wiki 2 kidonda kinafunguka upya. Tazama na nyuma ya viwiko kamba ya tumbo inapopita, chini ya mkia, na juu ya kwato: pete ya ngozi isiyo na manyoya pale ni ya pingu ya nailoni.

Kwato

Nyanyua miguu yote 4. Punda asiyekubali kunyanyua mguu ama hakuzoezwa ama unamuuma, na yote mawili ni gharama. Kwato za punda ni ndogo na zimesimama wima zaidi ya za farasi; ncha ikirefuka na kupinda juu kama kiatu cha zamani, zimeachwa muda mrefu. Hizo hukatwa kidogo kidogo kwa awamu kadhaa, hazirudi sawa kwa siku moja. Chini, ile sehemu laini yenye umbo la V iwe imara na isinuke. Tope jeusi linalonuka ni uozo unaotibika ukiwahi. Kinachonifanya niondoke ni mistari ya ukwato isiyolingana, iliyobanana mbele na kuachana kisiginoni: huyo alishaugua uvimbe wa ndani ya kwato, na hurudia.

Halafu atembee. Sehemu ngumu, hatua 20 kwenda na kurudi, kamba ikiwa imelegea. Muuzaji akiibana kamba karibu na kidevu anaficha kichwa, na kichwa ndicho kinachosema: hupanda pale mguu mbovu wa mbele unapokanyaga. Mzungushe kwa duara dogo pande zote mbili. Punda hafichui maumivu kama wanyama wengine, ukiona kuchechemea kidogo tu jua kuna kikubwa.

Jike, dume, na "wawili kwa bei ya mmoja"

Dume asiyehasiwa huwa bei rahisi. Hung'ata, hufukuzana na majike, na hukata kamba usiku. Kumhasi akiwa mkubwa ni upasuaji: mishipa yake ya damu ni minene, lazima ifungwe, na ile koleo ya kuhasia ng'ombe haimfai. Uliza gharama ya daktari kwanza, uijumlishe kwenye bei, ndipo ulinganishe.

Jike mwenye mimba huuzwa kama bahati. Mimba ya punda ni karibu miezi 12, mara nyingine hadi 14. Miezi 3 ya mwisho hapaswi kubeba, na baada ya kuzaa ana mtoto wa kunyonyesha kwa miezi 6 au zaidi. Ukihitaji maji yafike nyumbani kesho, umenunua likizo ya miezi 9.

Jambo ambalo mtu wa ng'ombe halifikirii: muulize muuzaji huyu anatembea na nani. Punda hushikamana wawili wawili. Ukimtenganisha na mwenzake anaweza kugoma kula, na punda aliyegoma kula, hasa aliyenona au mwenye mimba, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kumwua ndani ya siku chache. Kama unataka mkokoteni wa wawili, nunua waliokwisha kuzoeana, hata kama mmoja si mzuri sana.

Karatasi

Tanzania ilisimamisha uchinjaji wa punda mwishoni mwa 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi zao. Ngozi huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya Kichina, na njaa ya soko hilo ndiyo iliyoleta wizi. Kwa hiyo punda wa bei ya kutupa, anayeuzwa njiani jioni, mwache. Dai stakabadhi ya mnada, barua ya kijiji anakotoka muuzaji, na kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo. Linganisha chapa na kilichoandikwa.

Mwezi wa kwanza

Mtenge na punda wengine wiki 2 hadi 3, lakini awe anawaona. Asubuhi, kabla jua halijakolea, joto lake liwe nyuzi 36.5 hadi 37.8, pumzi 12 hadi 28 kwa dakika. Dawa ya minyoo iwe ya kumeza na ipimwe kwa uzito. Uzito utaukadiria kwa kamba: zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, sentimita 110 ni punda wa kilo 117 hivi, sentimita 115 ni karibu 130.

Hapa ndipo dawa za ng'ombe zinapoua. Josho lenye amitraz (dawa ya kupe) husimamisha matumbo ya punda. Chakula cha kuku au ng'ombe chenye monensin (dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo) humwua moyo. Sindano za nagana zikipigwa kwa kipimo cha ng'ombe humlaza chini, kwa hiyo apige daktari anayejua. Pumba na mahindi mengi huleta ule uvimbe wa ndani ya kwato. Anachohitaji ni majani makavu, kilo 2 hadi 2 na nusu kwa siku kwa punda wa kilo 130, chumvi, na maji safi. Maji machafu huyanusa akaondoka.

Nira nayo iache. Ng'ombe husukuma kwa nundu, punda hana nundu. Husukuma kwa kifua. Mpe mkanda wa kifua wenye upana wa sentimita 7 hadi 10, ukae chini ya koo na juu ya kiungo cha bega. Mkanda wa kiti cha gari ulioshonewa kitambaa cha pamba unatosha kabisa. Shogi au tandiko liwe na mito miwili iliyojazwa, yenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe.

Na mzigo: theluthi ya uzito wake, basi. Madumu 2 ya lita 20 ni kilo 40, sawa. Madumu 4, kama inavyoonekana kila barabara ya kisimani, ni kilo 80, zaidi ya nusu ya punda mwenyewe. Ukivua tandiko jioni, pitisha kiganja mgongoni kabla ya kumwachia: palipo na joto au manyoya yaliyolala kinyume, kesho usiweke kitu hapo.