Kosa la ndoa linapogeuka kosa la kazi

Mtumishi wa serikali akimkosea mwenzake wa ndoa, je, mkubwa wake wa kazi anaweza kumwadhibu? Hapa Lubumbashi, Kongo, swali hili huja mwisho wa mwezi, mama anapofika ofisini kwa mumewe na mtoto mgongoni: "Shefu, feza yote inaishia kwa ule mwanamuke wa Katuba. Mumufukuze!"

Anaweza, ila si kwa kila ugomvi wa nyumbani. Mwenendo wa ndoa huwa kosa la nidhamu pale unapochafua heshima ya kazi yenyewe, au unapowafanya wananchi wasiiamini tena ofisi. Adhabu zenyewe zimo katika sheria ya watumishi wa serikali, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016: karipio, kukatwa theluthi ya mshahara, kusimamishwa kwa muda bila malipo, na ya mwisho kufukuzwa.

Chukua mtumishi wa komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, anayeandikisha ndoa za watu. Sheria yetu inatambua mke mmoja. Akificha ndoa yake ya kwanza na kujiandikisha ya pili katika daftari lilelile analolinda, amevunja ndoa na kazi kwa pamoja. Vivyo hivyo anayemtaja hawara kuwa mke halali ili apate posho ya familia: huo ni uongo kwenye karatasi ya serikali. Au mkubwa anayemtongoza mke wa mtumishi aliye chini yake, kisha anamhamisha mume pale mke anapokataa. Hapo hakuna haja ya kubishana.

Lakini kuwa na "biro ya pili", yaani hawara, mtaani, bila kugusa kazi, ni jambo jingine. Uzinzi ni kosa la jinai katika Sheria ya Familia ya 1987, na bado kesi haifunguliwi mpaka mwenzi aliyekosewa ashitaki mwenyewe. Ikiwa hata mwendesha mashtaka anamsubiri mwenye ndoa, shefu anapata wapi haki ya kuadhibu kwa uvumi wa korido?

Nchi nyingine zimeandika waziwazi. India, kanuni za mwenendo za 1964 zinamkataza mtumishi mwenye mke au mume aliye hai kuoa au kuolewa tena bila ruhusa ya serikali. Indonesia, tangu 1983, mtumishi huomba kibali cha mkubwa wake kabla ya kutaliki au kuongeza mke. Maneno mapana kama yetu ya "heshima ya kazi" ni ya hatari zaidi, na ninaogopa hasa kwa ajili ya wanawake. Mpaka marekebisho ya Sheria yetu ya Familia mwaka 2016, yaliyotolewa siku ileile na sheria ya watumishi, uzinzi wa mke uliadhibiwa kwa vyovyote, wa mume mpaka uwe na fedheha kubwa. Sheria imesawazishwa, macho ya wakubwa wengi bado.

Kwa hiyo mtumishi anayetuhumiwa aombe tuhuma kwa maandishi, naye ajibu kwa maandishi, abaki na nakala.

Na yule mama? Mume akifukuzwa, watoto hawatakula chochote. Aende kwa hakimu, si kwa shefu. Sheria ya Familia inamruhusu kuomba sehemu ya mshahara wa mume asiyetunza nyumba ilipwe mikononi mwake moja kwa moja.