Kijiko cha chai si kipimo cha dawa

Wengi Mombasa huamini kijiko chochote cha chai ni mililita 5, hivyo chatosha kupimia asikloviri ya maji, dawa ya malengelenge na mkanda wa jeshi. Yaeleweka, maana maagizo mengi husema "kijiko". Ila vijiko vya nyumbani hutofautiana: kimoja hubeba mililita 3, kingine 7. Jaribu: jaza kijiko chako maji, uyavute kwa bomba lisilo na sindano kutoka duka la dawa, usome mistari.

Tikisa chupa kwanza. Dawa hutuama chini. Asiyetikisa hunywa hafifu mwanzoni, kali mno mwishoni. Na hasa joto la Kaskazi, kunywa maji ya kutosha: asikloviri hutoka mwilini kupitia figo, na mwili ukikaukiwa yaweza kuziumiza figo.