Je, wajua kwa nini “ta” ya nyimbo za Kigogo haipatikani kwenye piano?

Mwalimu wa piano aliyesomea muziki wa Kizungu akianza kufundisha Dodoma, hakawii kukutana na jambo ambalo masomo yake hayakumwandaa. Anampa do mwanafunzi aliyekulia kwenye nyimbo za Kigogo, naye anaimba do, re, mi, so bila tatizo. Akifika ta, ile iliyo nusu toni (kitufe kimoja) juu ya la, sauti yake inatua chini kidogo ya ta ya piano. Mwambie arudie, atatua palepale.

Mtu anayekosea hukosea huku na huku. Huyu hakosei.

Sababu imo kwenye sauti yenyewe. Uzi ukigongwa hutetema mzima, na papo hapo hutetema kwa nusu zake, theluthi zake, robo zake na kuendelea. Tuseme sauti ya msingi ina mitetemo 100 kwa sekunde. Juu yake zimo 200, 300, 400 na nyinginezo. Ifanye 400 kuwa do: 500 itakuwa mi, 600 so, 700 ta, 800 do ya juu na 900 re. Do, re, mi, so, ta. Hiyo ndiyo skeli (ngazi ya sauti) ya Wagogo, ndiyo iliyokuwa kwenye ilimba, ala ya vidole, ya mwanamuziki wa Kigogo marehemu Hukwe Zawose, na imetoka moja kwa moja kwenye maumbile ya sauti.

Piano ina hesabu nyingine. Oktava yake, yaani kutoka do hadi do inayofuata, imegawanywa hatua 12 zilizo sawa, ili wimbo uweze kuanzia kitufe chochote. Kwa ajili hiyo sauti nyingine zote husogezwa kidogo. So inashuka kutoka 600 hadi 599 na ushei, hakuna atakayelalamika. Mi inapanda hadi 504. Ta inafika karibu 713 badala ya 700, na hilo ni pengo la karibu theluthi ya nusu toni!

Mwenye piano ya nyuzi anaweza kujihakikishia. Bonyeza so ya katikati taratibu isitoe sauti, uishikilie. Sasa gonga kwa nguvu do iliyo oktava mbili chini ya do ya katikati, kisha uiachie. So itaendelea kuimba, ingawa hukuigonga. Rudia kwa kushikilia ta iliyo juu ya so hiyo: itaitikia kwa unyonge sana, au ikae kimya.

Sisi tuliopitia mitihani ya muziki wa Kizungu ya gredi 1 hadi 8 tumezoezwa kusikiliza hatua 12 hizo tu, hata majaribio ya sikio hupima hizohizo. Ndiyo maana huniuma kusikia mwalimu akisema mtoto wa aina hii hana sikio, wakati analo, tena kali. Nashauri aanze na vipande vya do, re, mi na so. Wakifika ta, mtoto aimbe kwanza ya kwao, kisha ya piano, mpaka aweze kuchagua mwenyewe aitoe ipi.

Na wimbo wa Kigogo ukisindikizwa kwa piano, ta iachiwe waimbaji. Baadhi ya vinanda vya umeme vinaruhusu kushusha sauti moja moja. Shusha ta kwa senti 31 na mi kwa senti 14 (senti 100 ni nusu toni moja), lakini usihamishe do, maana vitufe ulivyoshusha vitaharibu skeli mpya.