Kukosa uzito hakuupumzishi moyo

Wengi huamini kwamba mtu akielea bila uzito, kama wanaanga, moyo wake unapumzika tu. Sivyo hata kidogo. Mwaka 2021, mjini Toulouse, Ufaransa, wanawake 20 walijitolea kulala siku 5 ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ili kuiga hali ya kukosa uzito, wamefunikwa kwa kitambaa kisichopitisha maji, kichwa na mikono tu vikiwa nje.

Katika hali hiyo, damu iliyozoea kutuama miguuni hupanda kifuani. Mwili hudhani umejaa maji kupita kiasi, na figo hutoa mkojo mwingi. Plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, inapungua. Kwa hiyo kipimo cha protini katika damu kikipanda, tusikimbilie kusema mwili umetengeneza zaidi. Huenda maji ndiyo yamepungua, kama mchuzi uliokaukia jikoni.

Kisha mtu anasimama. Damu inashuka ghafla, mapigo yanakwenda mbio, macho yanaingia kiza. Kwa miaka mingi majaribio ya beseni yalifanywa karibu yote kwa wanaume. Linaniuma sana hilo, maana wanaanga wanawake ndio wanaozidiwa zaidi na kizunguzungu hicho wakirudi duniani.