Viazi vya Mzee wa Molo na Kifungu cha 143

Swali lililonisukuma kuandika haya niliulizwa Molo, katika kikao cha kuwafafanulia wananchi Katiba, na mkulima aliyeketi nyuma kabisa akiwa amelaza kofia yake gotini. "Wakili," akasema, "rais akija shambani kwangu, apakie magunia kumi ya viazi na kuondoka bila kulipa, nitamshtaki wapi?" Watu wakacheka. Nikamuuliza, "Mzee, amechukua kwa deni au ameiba?" Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba hilo ndilo alilotaka nimweleze, kwa sababu yeye anachojua ni kwamba viazi vimekwenda.

Kama ni deni, anaweza kumdai hata leo. Kifungu cha 143(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkinga rais dhidi ya kesi za madai kwa yale tu aliyoyatenda, au kuacha kuyatenda, katika kutumia mamlaka aliyopewa na Katiba, na kununua viazi si mojawapo ya mamlaka hayo. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya BBI, ule mpango wa kuirekebisha Katiba, tarehe 31 Machi 2022 iliipanua kinga hiyo kuliko Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zilivyokuwa zimeiona, lakini hata pale mjadala ulihusu matendo ya kiofisi. Kama ni wizi, mambo yanageuka: Kifungu cha 143(1) kinasema kesi ya jinai haiwezi kufunguliwa wala kuendelezwa katika mahakama yoyote dhidi ya rais akiwa madarakani. Kwa hiyo mwenye deni anaitwa mahakamani sasa, na mwizi anasubiriwa. Mzee alisema sheria hiyo imesimamishwa kwa kichwa, nami sikuwa na haraka ya kumpinga.

Hata hivyo naitetea kinga hiyo dhidi ya kesi za jinai. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai inamruhusu mtu binafsi, kwa idhini ya hakimu, kuendesha mashtaka yake mwenyewe, na ingawa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuichukua kesi ya namna hiyo, nimeshinda katika korido za mahakama za Nakuru miaka ya kutosha kujua jinsi mahasimu wa kisiasa wangeutumia mlango huo. Rais angeitwa Kapsabet Jumatatu na Kakamega Jumatano, kila mara mbele ya hakimu mwingine, kwa malalamiko ambayo hayangefika popote ila kwenye taarifa ya habari ya jioni.

Ninapotofautiana na wengi, wakiwemo mawakili wenzangu, ni pale wanapochukulia kwamba rais asiyeweza kushtakiwa hawezi pia kuchunguzwa. Kifungu kinataja kesi, na kinataja mahakama. Hakitaji upelelezi, wala kuandikisha taarifa za mashahidi, wala kukusanya stakabadhi. Kifungu cha 157(4) kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze habari au tuhuma yoyote ya jinai, na neno "yoyote" halikuwekewa mpaka unaoishia kwenye lango la Ikulu.

Isitoshe, Katiba yenyewe ingekosa maana kama upelelezi ungekuwa umepigwa marufuku. Kifungu cha 143(3) kinasema pale sheria inapoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, miaka ambayo mtu amekuwa rais haihesabiwi. (Kwa makosa makubwa ya jinai hatuna muda huo kwa kawaida, kwa hivyo faida yake kubwa iko kwenye madai.) Waliokiandika walitarajia siku ambayo rais mstaafu atasimama mahakamani, pengine baada ya mihula miwili, yaani miaka kumi. Hebu tuyarudie magunia ya mzee baada ya miaka hiyo. Dereva wa lori amehamia Malaba na hakumbuki safari ile kati ya mamia, kijana aliyeshona magunia amefariki, na ujumbe wa M-Pesa umepotea pamoja na simu iliyotumbukia chooni. Kesi ambayo ushahidi wake haukuandikwa mapema haikuahirishwa, imezikwa.

Halafu kuna Kifungu cha 145, kinachohusu kumbandua rais. Mojawapo ya misingi yake ni kuwepo kwa sababu nzito za kuamini kwamba ametenda kosa la jinai, chini ya sheria ya taifa au ya kimataifa. Bunge la Taifa linahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349, kisha Seneti inaweza kuunda kamati maalumu ya maseneta 11, ambayo ina siku kumi tu za kuchunguza na kuripoti. Siku kumi! Mimi nimewahi kusubiri ripoti moja ya mkaguzi wa maandishi kwa miezi mitatu, katika kesi ya hati ya shamba la ekari mbili. Kamati hiyo itazitoa wapi sababu nzito ikiwa hakuna jalada hata moja lililofunguliwa kabla yake?

Sisi wa Nakuru tuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili. Kesi dhidi ya Uhuru Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ilihusu mashambulizi ya Nakuru na Naivasha ya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2005, hautambui cheo cha mtu kuwa kinga, na ndiyo maana Kifungu cha 143(4) kinaondoa ulinzi wa rais kwa makosa yaliyo chini ya mikataba ya aina hiyo. Tarehe 8 Oktoba 2014 Kenyatta alifika mbele ya mahakama hiyo akiwa rais, baada ya kumwachia naibu wake, William Ruto, majukumu ya urais kwa kutumia Kifungu cha 147(3). Nchi haikusimama. Wanaosema kwamba serikali itaanguka rais akijibu maswali wanapaswa kueleza kwa nini siku ile matatu za Kisumu zilijaza abiria kama kawaida.

Lakini kesi hiyo ina somo la pili, na si tamu. Desemba 2014 kiongozi wa mashtaka aliondoa mashtaka, akisema ushahidi haukutosha kuthibitisha hatia, na Kenyatta alishikilia wakati wote kwamba hana hatia. Mwaka 2016 majaji waliipeleka Kenya mbele ya mkutano wa nchi wanachama kwa kutotimiza wajibu wake wa kushirikiana na mahakama katika kutoa ushahidi. Tunachojifunza ni kwamba mpelelezi anayemhitaji mshukiwa amfungulie kabati la nyaraka yuko katika hali ngumu, hata awe na mamlaka ya kimataifa.

Marekani imeufikia msimamo ninaoutetea kwa njia ya ajabu kidogo. Katiba yao haisemi lolote waziwazi kuhusu kumshtaki rais aliye madarakani. Katazo linatokana na maoni ya wanasheria wa Wizara ya Sheria, ya mwaka 1973 na 2000. Robert Mueller, mwendesha mashtaka maalumu aliyemchunguza Rais Donald Trump, alipotoa ripoti yake mwaka 2019 aliyafuata maoni hayo, lakini akaeleza kwamba uchunguzi unaruhusiwa, na kwamba aliufanya kikamilifu ili ushahidi uhifadhiwe kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Korea Kusini imekwenda mbali zaidi: katiba yao inaruhusu rais kushtakiwa kwa uasi, na Januari 2025 Rais Yoon Suk-yeol alikamatwa na kufunguliwa mashtaka akiwa bado na cheo, ingawa Bunge lilikuwa tayari limemsimamisha kazi.

Ugumu wetu hauko katika maandishi. Inspekta Jenerali na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wote huteuliwa na rais kwa idhini ya Bunge. Katiba inakataza mtu mwingine yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu upelelezi wa kosa fulani, lakini simu ya kutoa amri haipigwi kwa kipaza sauti. Niliwahi kumsindikiza mteja kituoni, mahali nisipopataja, kuandikisha malalamiko dhidi ya mwanasiasa wa ngazi ya kaunti tu. Ofisa aliandika tarehe, akaandika saa, akauliza jina la mlalamikiwa, na alipolisikia akafunika kalamu yake na kutuambia kitabu cha OB, kile cha polisi cha kuandikia matukio, kimejaa. Tuliona kurasa nyeupe zaidi ya thelathini. Kwa maoni yangu Bunge linapaswa kutunga sheria itakayopeleka tuhuma dhidi ya rais kwa mpelelezi maalumu anayeteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, ambaye kazi yake itakuwa kukusanya ushahidi na kuufungia hadi muhula uishe au Bunge liuitishe.

Sheria hiyo haipo. Kwa hivyo pale Molo nilimshauri mzee aandikishe ripoti, achukue nambari ya OB, apige picha alama za matairi shambani, na amtafute wakili wa kuwaandikia mashahidi wake viapo wakiwa wangali kijijini. Aliniomba nimwandikie hayo kwenye karatasi, akaikunja na kuitia ndani ya kofia yake.